Meli Yetu ya Singidani

Nikisema kwamba meli ya kwanza niliyopanda maishani niliipanda Singida, watu hucheka. Chuoni walicheka sana, na mmoja akaniuliza kama meli hiyo ilikuwa ikipita juu ya majabali. Nami, kwa tabia yangu, badala ya kucheka nao nilikaa siku mbili nikijiuliza kama kweli niliipanda au niliiota. Nawe ukitaka kucheka, cheka kwanza. Nitakusubiri.

Nimerudi nyumbani Mandewa wiki iliyopita. Masomo yamekwisha, cheti ninacho, barua ya kazi bado haijaja. Nimeandika maombi matatu, na kila bahasha nimeifungua tena kabla ya kuipeleka posta ili nihakikishe kuwa sikukosea kuandika jina langu mwenyewe. Jumatatu nilichoka kukaa ndani nikisikiliza kama kuna mtu anapiga hodi, nikatembea hadi ziwani Singidani. Upepo ni uleule, unaleta ile harufu ya chumvi na matope ambayo ukiwa mbali unaisahau na ukirudi unaona haya kwamba uliisahau. Mawe mawili makubwa tuliyokuwa tukifungia kamba ya meli bado yapo. Mtu mmoja amefungia ng'ombe wake hapo. Ng'ombe alinitazama, nami nikamtazama, na mambo yote yakanirudia.

Nilikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa akifanya kazi reli kule Itigi na mama alikuwa naye huko, mimi nikaachwa kwa Bibi ili nimtekee maji, na pia ili asile peke yake. Bibi alikuwa akisema kwamba mtu akila peke yake chakula hukaa kifuani. Tulikula ugali wa uwele na mlenda wa karanga, na jioni maziwa ya mgando yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Mpaka leo maziwa ya kwenye glasi nayaona kama maji yaliyopakwa rangi.

Vibuyu ndivyo vilivyokuwa kazi ya Bibi. Kibuyu cha mtu kikipasuka kililetwa kwake. Alitoboa matundu madogo pande mbili za ufa, akaushona kwa uzi wa gome la mti kama anavyoshonwa mtu hospitali, kisha akaziba mshono kwa nta. Nta hiyo alipewa na jirani yetu, mzee mrina asali, mbichi kama ilivyotoka kwenye sega, na aliitunza ndani ya chungu chini ya kitanda. Nilipenda kukaa karibu yake akifanya kazi hiyo. Hakuwa na haraka. Akimaliza alijaza maji, akakining'iniza kibuyu, tukakaa chini yake tukingoja kuona kama kitadondosha. Nadhani mengi niliyo nayo leo nilijifunza katika kungoja kule, mazuri na mabaya.

Sasa, kijiji chetu kilikuwa kipya. Unakumbuka miaka ile ya kuhamia vijijini. Kwetu lori lilikuja baada ya mavuno ya mtama. Bibi alikuwa akiishi ng'ambo ya ziwa, ndani ya tembe lililojengwa na Babu, na ua wa minyaa kulizunguka. Alipakia vyungu, ngozi, kinu, halafu akawaambia vijana wampakilie na mafiga yake. Mwenyekiti wa kijiji akamwambia, "Mama, huko tunakokwenda mawe yamejaa tele." Bibi akajibu, "Hayo hayanijui." Mafiga yakapakiwa.

Kilichobaki ng'ambo ni kaburi la Babu, kando ya zizi. Na hapo lazima nikueleze jambo moja la Bibi, maana bila hilo hutanielewa. Jumapili alikwenda kanisani kama watu wote. Lakini kila jioni, ng'ombe wakishaingia zizini, alikwenda kusimama kando ya lile kaburi akampa Babu habari za siku. Hayakuwa maombi. Zilikuwa habari tu: ng'ombe fulani hakula vizuri, mtoto wa fulani ameoa, mvua imetudanganya. Alisimulia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumza na mtu aliyelala chumba cha pili. Wazee wengi wa upande ule walifanya hivyo kwa watu wao.

Tulipohamia kijijini, ikawa haiwezekani tena. Bibi aliwahi kuanguka akavunjika nyonga, na mguu wake wa kulia ulikuwa ukiburuzwa. Kuzunguka ziwa kwa miguu kulihitaji nusu ya siku kwa mtu mzima wa afya. Alijaribu mara moja. Alitoka asubuhi, na adhuhuri akarudishwa akiwa juu ya baiskeli ya mtu. Alikaa jikoni, kisha akasema, si kwangu hasa, "Habari zimenijaa." Tangu siku hiyo nilianza kumtazama kifuani nikiogopa.

Meli ikaja katika hali hiyo.

Kila kijiji kilitakiwa kuwa na mradi. Mwenyekiti wetu, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita mbuzi walio mlimani, aliitisha mkutano akasema, "Ndugu wananchi, vijiji vingine vina mashine ya kusaga. Sisi tutakuwa na meli. Wageni watatoka mjini kuja kutembezwa ziwani, wajionee nchi yao."

Mama mmoja akauliza kutoka nyuma, "Na mahindi tutasagia melini?"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti naye akacheka. Lakini wiki iliyofuata lori la ushirika lilirudi kutoka Itigi likiwa na meli mgongoni.

Kusema kweli ilikuwa mashua. Ilikuwa mojawapo ya mashua ndogo zilizoning'inizwa ubavuni mwa meli kubwa ya zamani, ya enzi za Wajerumani, kule kwenye ziwa la magharibi reli inakoishia. Ililetwa kwa treni sijui kwa sababu gani, ikatupwa nyuma ya ghala Itigi, na baba alipata kuniambia kwamba kwa miaka mingi kuku walikuwa wakitagia ndani yake. Pamoja nayo alikuja mzee mmoja aliyefanya kazi melini ujana wake wote, akaoa Itigi akabaki huko. Sisi tulimwita Baharia. Baharia ndiye aliyeeleza kwamba hii siyo meli bali ni mtoto wa meli.

"Na mtoto wa ng'ombe mnamwitaje kwenu," mwenyekiti akamuuliza, "mbuzi?"

Ikabaki kuwa meli.

Walifanya kazi miezi mingi. Vijana walikwangua rangi ya zamani, na chini ya rangi ya kijivu ikatokea nyeupe, na chini ya nyeupe ikatokea kijani, nasi watoto tukawa tunaokota vipande vya rangi kama pesa za kigeni. Mbao zilizooza zilitolewa zikawekwa za mninga. Kisha ikafika kazi ambayo Baharia aliiita kalafati, yaani kuziba nafasi zote kati ya ubao na ubao. Kwao waliziba kwa pamba na lami. Pamba tulipata. Lami ilikuwa haionekani. Mrina asali, ambaye kila jioni alipita kuangalia kazi akitafuna ubua wa mtama, akasema, "Mbona nta ipo? Vibuyu vya huyu mama vimevuja lini?"

Baharia aliguna, lakini alijaribu, akakubali. Alitoa sharti moja: nta ichemshwe, ichujwe, ichemshwe tena, mpaka harufu yote ya asali iishe. Alisimamia mwenyewe sufuria. Aliponusa na kuridhika ndipo alipoichovya pamba na kuigongomea kati ya mbao, pole pole, mstari baada ya mstari. Siku moja nikiwa nimesimama karibu alisema, bila kumwambia mtu yeyote, "Likibaki tundu la sindano moja tu, sijafanya kazi."

Laiti asingesema hivyo.

Maana wiki hiyohiyo ilitangazwa kwamba safari ya kwanza itakuwa ya wazee. Nafasi zilikuwa kumi na mbili, na kila balozi wa nyumba kumi alitoa mzee mmoja. Balozi wetu alimtaja Bibi. Meli ingezunguka ziwa zima, wageni wawili watatu kutoka mjini waonyeshwe ndege na majabali, na katika kuzunguka ingepita ng'ambo, mbele ya nyumba yetu ya zamani. Bibi aliposikia hivyo alifua kitenge chake cha kijani akakianika, akakifua tena kesho yake. Jioni nilimsikia akihesabu kwa vidole: ng'ombe mwenye mabaka amezaa, mtoto wetu ameongezwa daraja, nyumba hii ina dirisha. Alikuwa akizipanga habari zake.

Nami nikaanza kufikiria tundu la sindano. Bibi hajui kuogelea. Mguu wake mmoja haumtii. Nilijiona kabisa nimesimama ufukweni na kitenge cha kijani kikielea. Meli ilikuwa imeanikwa kichwa chini juu ya magogo ili kalafati ikauke, na mtoto mdogo aliweza kupenya chini yake. Nilipenya. Ndani mlikuwa na giza na joto, na mwanga uliingia kwa vijitundu. Leo najua ulikuwa ukiingia pembeni, pale meli ilipokaa juu ya magogo, lakini siku ile niliona matundu ya sindano kila mahali.

Nikaenda nyumbani nikachukua nta ya Bibi chini ya kitanda. Jioni tatu mfululizo, baada ya kuteka maji, nilipenya chini ya meli nikapaka. Nilipaka kila mshono niliofikia, kwa kidole gumba, kama nilivyomwona Bibi akifanya. Nta ilikuwa mbichi, inanata, ina asali bado. Nililamba kidole mara kwa mara.

Hebu fikiri, na mimi ni mtoto wa Singida. Hakuna mtoto wa kwetu asiyejua jinsi nyuki wanavyoitwa. Unachonga mzinga, unaupaka nta mbichi ndani, unauweka mahali penye kivuli, unaondoka. Nilishamsindikiza mrina asali nikamwona akifanya hivyo zaidi ya mara moja. Lakini yule alikuwa akipaka mzinga na mimi nilikuwa nikipaka meli, na akili yangu haikukutanisha mambo hayo mawili. Siku ya nne nilipoinama kupenya, nilisikia mngurumo. Nilidhani ni lori barabarani. Kisha nikaona nyuki wakiingia na kutoka kwenye ule upenyo wangu, kwa utaratibu, kama wenye nyumba.

Siku tatu zilibaki kabla ya safari.

Mwenyekiti alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Alimbana Baharia kwa maswali kuhusu kuchuja nta, na Baharia, kwa hasira, akachukua kijiti kirefu akakwangua ndani ya meli, akawakimbia nyuki, akarudi na alichokipata. Ilikuwa nta ya njano, mbichi, yenye alama ya kidole. "Hii si yangu," akasema. "Yangu ni nyeupe."

Mkutano ukaitishwa jioni ileile. Miaka ile neno dogo liliweza kuwa kubwa. Watu waliohamishwa walikuwa na manung'uniko yao, na mwenyekiti alijua hivyo. Alisimama akiwa ameshika ile nta kwenye jani akasema kwamba kuna mtu hataki kijiji kiendelee, kwamba mali ya wananchi imechezewa kwa makusudi, na kwamba nyumba itakayojulikana kuhusika haitapata nafasi melini, si safari hii wala nyingine. Kisha akauliza, akimwangalia kila mtu isipokuwa Bibi, "Nani hapa anatunza nta mbichi nyumbani?"

Kila mtu alikuwa na kibuyu kilichoshonwa na Bibi.

Bibi akasimama kwa fimbo yake. "Nta ni yangu," akasema. Akakaa.

Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Mwenyekiti alibaki amesimama na jani lake mkononi kama mtu aliyeletewa mzigo mzito kuliko alioagiza. Akasema basi, nafasi ya nyumba ile apewe mwingine. Tukarudi nyumbani. Bibi alipika, akanipakulia, akanipa mnofu wa kuku uliobaki jana. Hakuniuliza chochote. Kitenge cha kijani alikiondoa kwenye kamba, akakikunja, akakirudisha sandukuni. Nilijaribu kula, na chakula kikakaa kifuani ingawa sikuwa peke yangu.

Asubuhi sikwenda shule. Nilikwenda kwa mrina asali, kwa sababu kwa mwenyekiti miguu ilikataa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nami nikamweleza yote nikiwa natazama kuku wake. Nilipomaliza niliinua macho nikaona anacheka bila sauti, machozi yanamtoka.

"Mjukuu wangu," akasema alipoweza, "nina miaka mingi kwenye kazi hii. Sijapata kutengeneza mzinga mkubwa kama huo."

Akanishika mkono tukaenda. Mwenyekiti alikuwa ziwani na Baharia, wamesimama mbali na meli. Mrina asali akanisukuma mbele.

"Shikamoo," nikawaambia wote wawili. "Nta niliipaka mimi."

"Umetumwa na nani?" mwenyekiti akauliza.

"Sikutumwa. Niliogopa itavuja. Bibi hajui kuogelea."

Mwenyekiti akamgeukia Baharia. Baharia alikuwa amefumbua mdomo. "Mimi," akasema taratibu, "mimi niliyefanya kazi kwenye meli ya injini mbili. Nimekaguliwa na mtoto wa darasa la tatu."

"Na amekuta makosa?" mrina asali akauliza.

"Hakuna makosa. Hiyo haivuji."

"Basi mwambie yeye, mimi sina shaka."

Mwenyekiti hakucheka, lakini hasira ilimtoka, niliona ikimtoka mabegani. Nadhani alikuwa akimfikiria Bibi na lile neno lake la jana, na jinsi atakavyolirudisha neno lake mwenyewe mbele ya watu. Mwisho akasema, "Kama unaogopa maji, wewe ndiye utakayeyachota. Utaingia melini na kopo. Tone likiingia, ni lako."

Alifikiri ananipa adhabu. Kisha akaenda kwa Bibi yeye mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, akanywa maziwa. Walizungumza kwa Kinyaturu kwa sauti ya chini, na alipoondoka Bibi alifungua sanduku.

Nyuki waliondolewa na mrina asali jioni, jua likiwa linazama, kwa moshi wa mavi makavu ya ng'ombe. Aliwahamishia kwenye mzinga wa gogo akizungumza nao kwa upole, akiwaomba radhi kwa usumbufu. Ile nta yangu yote ikakwanguliwa. Baharia alikwangua na kunitazama, akakwangua na kunitazama.

Tukasafiri Jumamosi. Wazee walikaa kwenye mbao wakiwa na nguo zao za sikukuu, wanne wakiwa wanashikana mikono kama watoto. Mrina asali alikuwemo, alitolewa na balozi mwingine. Vijana walipiga makasia, Baharia alishika usukani, na mwenyekiti alisimama mbele na wageni wawili wa mjini akitoa maelezo. "Ndugu, upande wa kulia tunawaona heroe. Ndege huyu hula vijidudu vilivyomo ndani ya maji haya ya chumvi. Mbele ni majabali ambayo ni sifa ya mkoa wetu." Wageni walitazama kulia. Wazee wote walikuwa wanatazama kushoto, ng'ambo.

Mimi nilikaa sakafuni, kwenye miguu ya Bibi, nikiwa na kopo la maziwa ya unga. Sikutazama ndege wala majabali. Nilitazama mishono.

Tulipoikaribia ng'ambo maji yakawa machache, na Baharia akainua mkono makasia yakasimama. Hatukuweza kwenda zaidi. Kutoka hapo hadi ufukweni ni umbali wa kurusha jiwe, na juu kidogo niliona ua wetu wa minyaa, ukiwa umenenepa kwa kukosa wa kuukata. Paa la tembe lilikuwa limeingia ndani. Mwenyekiti alikuwa bado akieleza habari za heroe. Bibi akasimama. Alinishika begani ili asianguke, akasema kwa sauti yake ya kawaida, kama anayezungumza na mtu aliye chumba cha pili, "Sisi wazima."

Mwenyekiti akanyamaza.

Bibi akaendelea kwa Kinyaturu, bila haraka. Alimwambia Babu kwamba mvua ilikuwa nzuri. Ng'ombe mwenye mabaka amezaa jike. Mtoto wao ameongezwa daraja kule reli. Nyumba mpya ina dirisha, na mwanzo lilimsumbua lakini sasa amelizoea. Alipofika hapo mzee mmoja nyuma yake naye akasimama, akaita upande wake, akaanza habari zake. Kisha mwingine. Halafu mrina asali. Nao wageni wa mjini walivua kofia bila kujua kwa nini. Meli nzima ilikuwa ikisema, kila mmoja na mtu wake, sauti juu ya sauti, pole pole, kama watu walio sokoni ambao hawana haraka ya kununua.

Na hapo nikaona tone.

Lilikuwa kwenye mshono, karibu na goti langu, linang'aa. Nilipiga magoti nikalifunika kwa kidole gumba. Nikaona la pili. Nikalichota kwa kopo, nikasugua kwa gauni, nikaweka sikio kwenye ubao nisikie kama maji yanapita. Nilikuwa naokoa watu kumi na wanane. Ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kasia lililoinuliwa juu ya kichwa changu.

Nilipoinua uso Bibi alikuwa amekaa. Alikuwa anatazama minyaa, mikono mapajani, na uso wake ulikuwa mwepesi. Baharia akashusha mkono, tukaondoka.

Usiku tukila, Bibi akaniuliza, "Umesikia nilivyomwambia Babu yako habari zako?"

Nami nikasema, "Ndiyo, Bibi."

Nilisema hivyo kwa sababu niliogopa kumwambia kwamba sikuwa nasikiliza. Aliitikia kwa kichwa akaridhika, akaendelea kula, kwa kuwa jambo lilikuwa limesemwa na kusikiwa. Kesho yake nilitaka kuuliza, lakini ningeulizaje nilichokwisha kusema nimekisikia? Nikaahirisha. Kila mwaka uliopita ulifanya swali liwe gumu zaidi, na mimi ni mtu wa kuahirisha.

Meli ilifanya safari nyingine kadhaa. Watu wa mjini walikuja, wakapiga picha, wakaonyeshwa heroe, na kila safari ilisimama kidogo ng'ambo bila mwenyekiti kutoa maelezo yoyote. Kisha mvua zikapungua miaka miwili mfululizo na ziwa likarudi nyuma, likaiacha meli juu ya matope meupe ya chumvi. Mbao zake za mninga zilikuwa nzuri, zikawa milango. Mwenyekiti alihamia Iramba. Baharia alirudi Itigi akafia huko. Bibi alifariki nikiwa kidato cha tano, akazikwa huku huku kijijini, karibu na nyumba yenye dirisha. Vibuyu nyumbani siku hizi vimepungua, tuna madumu, na dumu likipasuka linatupwa.

Jumatatu, nilipotoka ziwani, nilipita kwa mrina asali. Macho yake hayaoni tena vizuri, ilibidi nijitambulishe. Tulizungumza habari za mvua na za barua yangu ya kazi. Mwisho nikajikaza nikamwuliza. Nilimwambia kwamba siku ile melini yeye alikaa nyuma ya Bibi kabisa, hatua moja tu. Je, alisikia Bibi alisema nini juu yangu?

Alifikiri kwa uaminifu kabisa, mzee wa watu. Niliona anarudi mpaka kule, anakaa kwenye ubao, anasikiliza.

"Hapana," akasema. "Mimi nilikuwa namwambia baba yangu mambo yangu. Kila mtu alikuwa na wake wa kumwambia."

Nikamshukuru, nikarudi nyumbani kwa njia ya ziwani. Kwa hiyo aliyeambiwa, Babu, ndiye peke yake aliyesikia. Kama lilikuwa jambo zuri au la kulalamikia, sijui, na nimekwisha kulifikiria kwa pande zote mbili mara nyingi kuliko inavyofaa. Ninachojua ni kwamba nilisemwa, siku ile, kwa sauti ya kawaida, katikati ya habari za mvua na za ng'ombe, na kwamba meli haikuvuja.